Ukipoteza Mkono wa Mwisho: Yapi Kweli, Yapi Uongo

Mtu aliyekulia Rwanda hujifunza kushindwa kwenye igisoro. Ubao una mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane. Kete ni 64, nusu zako na nusu za mwenzako, na hakuna kilichofichwa. Ukifungwa, kosa lipo mahali fulani pale pale ubaoni, na mzee aliyekaa pembeni anaweza kukuonyesha shimo ulilopaswa kuanzia. Hakuna bahati ya kusingizia. Ni shule nzuri sana, ila ina somo moja ambalo likihamishiwa kwenye karata linapotosha: kwamba kila aliyeshindwa amekosea.

Hapa Gisenyi, mji ambako Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa vinakaa meza moja, baadhi yetu tumeipenda poka ya Texas. Meza ninayoijua mimi iko jirani na Ziwa Kivu na inatumia jetoni za plastiki ambazo hakuna anayezinunua kwa fedha. Ni mashindano ya jioni moja: wachezaji wanatoka mmoja mmoja mpaka wabaki wawili, kisha mmoja. Mjadala wa kwa nini yule wa pili ameshindwa huchukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe, na mjadala huo mimi naupenda kuliko ushindi. Unaharibiwa na imani chache zinazorudiwa kama kanuni za dini. Nimezipima hapa.

Kwa asiyeujua mchezo: katika kila mkono, yaani kila mgao, kila mmoja hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi katikati, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja. Kila hatua mtu anaweza kupita, kuweka dau, kupandisha dau la mwenzake, kuita, yaani kulipa ili mchezo uendelee, au kutupa karata zake. Mwenye karata tano bora kati ya saba huchukua fungu. Kabla ya kugawa kuna dau la lazima, moja dogo na moja kubwa. Wakibaki wawili, wote wawili hulipa kila mkono. Mgawaji hulipa dogo na ndiye anayeanza kuamua kabla karata za katikati hazijafunguliwa.

"Amepoteza, kwa hiyo alikosea."

Uongo, na ndiyo mama wa uongo mwingine wote.

Tuchukue mkono wa mfano. Wamebaki wawili, dau la lazima ni 500 na 1,000. Mgawaji ana jetoni 12,000, mwenzake 18,000. Mgawaji anaangalia karata zake: ree na 7, rangi tofauti. Anasukuma zote katikati. Mwenzake ana mfalme na malkia, anafikiri kidogo, anaita. Zinafunguliwa 4, 9 na 2, kisha jeki, kisha mfalme. Mgawaji ameondoka mashindanoni kwa karata ya mwisho kabisa.

Kelele zinaanza. Wengine wanamwambia aliyetoka: bwana, ree na 7 si karata za kufia. Wengine wanamgeukia mshindi: umeita na nini wewe, huna hata jozi? Kila upande unamtafuta mkosaji, kama kwenye igisoro.

Sasa tuhesabu. Aliyeita alikuwa ameshaweka 1,000 kwa lazima. Alitakiwa kuongeza 11,000 ili ashindanie fungu litakalofika 24,000. Gawa 11,000 kwa 24,000 unapata karibu asilimia 46. Huo ndio mstari wake: akiwa na nafasi zaidi ya hiyo, aite, akiwa na chini yake, atupe. Lakini nafasi dhidi ya nini? Hawezi kuiona ree wala 7. Anachoweza kujua ni kwamba mtu aliyebakiwa na madau makubwa 12 husukuma na mambo mengi: jozi yoyote, karibu ree yoyote, wafalme wengi, hata 9 na 8. Dhidi ya mkusanyiko mpana namna hiyo, mfalme na malkia wanavuka asilimia 46 bila shida. Aliita sawasawa.

Na mgawaji? Mara nyingi mwenzake angetupa, naye angechukua dau la lazima bila kupigana. Akiitwa na mfalme na malkia, bado ana nafasi kama 56 kati ya 100. Alisukuma sawasawa.

Wote wawili walicheza vizuri na mmoja alilazimika kuondoka. Tazama pia jambo hili, ambalo huwasumbua sana waliozoea ubao ulio wazi: dhidi ya karata halisi alizokutana nazo, aliyeita alikuwa na nafasi kama 44, chini kidogo ya mstari wake. Kwa macho ya anayeziona karata zote nne, alikosea kidogo. Kwa macho aliyokuwa nayo yeye mezani, hakukosea hata kidogo. Uamuzi hupimwa kwa macho ya mezani.

Udhaifu huu si wa wacheza karata peke yao. Mwaka 1988 Jonathan Baron na John Hershey walichapisha utafiti ambamo watu walielezwa maamuzi ya wengine, mfano daktari anayeamua kumpasua mgonjwa, na kuulizwa kama uamuzi ulikuwa mzuri. Daktari alijua yale yale, hatari ilikuwa ile ile. Mgonjwa alipopona, uamuzi ulionekana bora. Alipokufa, ulionekana mbaya. Ndiyo sababu kwenye meza yetu nasisitiza jambo moja: anayeusimulia mkono asimame kwenye uamuzi, aulize wenzake wangefanya nini, na asitaje mwisho mpaka wote wajibu. Ukishasema "akaita, nikatoka", huwezi tena kupata jibu safi kutoka kwa mtu yeyote.

"Mkibaki wawili, tulia, subiri karata za maana."

Uongo, na unawaondoa watu wengi kimya kimya kwa sababu hauachi mkono mmoja wa kulaumu.

Tuseme karata za maana kwako ni jozi za 10 kwenda juu, ree na mfalme, au ree na malkia. Kuna njia 1,326 za kupewa karata mbili. Hizo za maana ni 62. Zinakuja takriban mara moja kila mikono 21. Kwenye meza ya watu tisa unaweza kuvumilia, maana dau la lazima linakufikia mara mbili tu katika mzunguko wa mikono tisa. Wawili wakibaki, unalipa kila mkono: dogo safari hii, kubwa safari ijayo, wastani wa robo tatu ya dau kubwa. Mikono 21 ya kusubiri inakugharimu karibu madau makubwa 16. Yule mgawaji wetu alikuwa na 12. Angesubiri, angekwisha kabla karata za maana hazijafika, na kila aliyekuwa pale angesema alikuwa mvumilivu.

"Mimi nimekosa, basi yeye amepata."

Uongo. Mtu mwenye karata mbili zisizo jozi akifunguliwa tatu za kwanza, huoanisha angalau moja kwa asilimia 32 hivi. Mara mbili kati ya tatu naye ametoka mtupu kama wewe. Anayepitia mkono alioutupa haraka aanzie hapo.

"Erik Seidel alinaswa kama mtoto."

Huu ndio mkono ulioshindwa unaojulikana kuliko yote katika historia ya mashindano, na hukumu yake nahitaji kuigawa.

Mwaka 1988, ukumbi wa Binion's Horseshoe mjini Las Vegas, fainali ya mashindano ya dunia ya poka. Walianza wachezaji 167, wakabaki wawili: Johnny Chan, bingwa wa mwaka uliotangulia, na Erik Seidel, kijana asiyejulikana. Chan alikuwa na jeki na 9. Seidel alikuwa na malkia na 7. Karata tatu za kwanza zikafunguka malkia, 8 na 10. Seidel akaona jozi ya malkia, karata kubwa kuliko zote mezani. Chan akaona namba tano zinazofuatana, 8 mpaka malkia, mkono usioweza kupigwa na chochote kwa wakati huo. Chan akaficha nguvu zake. Ikaja 2, ikaja 6. Seidel akasukuma zote. Chan akaita, akawa bingwa mara ya pili mfululizo. Filamu ya Rounders ya mwaka 1998 iliuonyesha mkono huo, na tangu hapo mamilioni ya watu wasiowahi kushika jetoni wanamjua Seidel kama yule aliyeingia mtegoni.

Tuupitie kama unavyostahili. Tuweke pembeni karata zilizokuwa machoni pa Seidel, mbili zake na tano za mezani. Zimebaki 45, na kutokana na hizo kuna njia 990 za Chan kushika karata mbili. Jeki na 9 zinatokea kwa njia 16 tu. Nimezihesabu na nyingine zote zinazomshinda Seidel: 9 na 7 zinazokamilisha mfuatano mwingine, karata mbili zinazooana na mbili za mezani, karata tatu za aina moja, jozi za ree na wafalme, malkia wenye mwenza mkubwa zaidi. Jumla ni 163. Sare ni 6. Seidel alikuwa mbele ya nyingine zote, 821. Kwa hiyo yeyote anayesema jozi ya malkia ni mkono dhaifu watu wakiwa wawili, hesabu inamkataa. Hilo ni uongo.

Ila hesabu haiishii hapo, na hapa ndipo Seidel anapoulizwa swali gumu. Chan hakuwa tena na karata za kubahatisha. Alikuwa mtu aliyefika karata ya tano bila kutupa. Na dau la kila kitu huwa na swali lake lenyewe: ni nani atakayeita? Zile 821 nyingi ni takataka kama ree na 3, ambazo zingetupwa papo hapo bila kumlipa Seidel jetoni moja ya ziada. Zinazoita huku zikiwa nyuma ni chache: malkia mwenye 5, 4 au 3, pengine jozi ya 10 kwa mtu mbishi. Zinazoita zikiwa mbele ni zile 163. Seidel alikuwa mbele ya karibu kila kitu ambacho Chan angeweza kushika, na nyuma ya sehemu kubwa ya kile ambacho Chan angeweza kuita nacho. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa, na mtu anaweza kucheza miaka mingi bila kuzitenganisha. Dau dogo lingelipwa na mikono dhaifu. Kupita kungefika mwisho bila hatari. Kusukuma zote kuliwafukuza waliokuwa nyuma na kuwakaribisha waliokuwa mbele.

Basi uamuzi wa mwisho una kasoro, na kasoro hiyo ingekuwepo hata kama Chan angefungua malkia na 4 na Seidel akachukua fungu. Hilo ndilo jaribio langu kwa lawama yoyote: je, ungeitoa kama angeshinda?

Kuhusu "mtoto": Seidel alifika tena fainali ya watu wawili kwenye mashindano ya ana kwa ana ya televisheni ya NBC mwaka 2010 na akafungwa na Annie Duke. Mwaka uliofuata akayashinda, akimfunga Chris Moneymaker.

"Wakibaki wawili, jetoni moja ni jetoni moja."

Kweli, na ni faraja kubwa kwa anayefanya hesabu.

Kwenye meza yenye watu wengi, jetoni haina thamani moja. Ukizidisha ulizonazo mara mbili, thamani ya nafasi yako kwenye zawadi haiongezeki mara mbili, na kuna wakati unatupa karata nzuri ili tu mwingine atangulie kutoka. Wakibaki wawili ujanja huo unakufa. Mwaka 1988 mshindi alipewa dola 700,000 na wa pili 280,000. Zile 280,000 zilikuwa zimeshakuwa za wote wawili. Kilichobaki mezani ni tofauti, 420,000, na kila robo ya jetoni zote ilistahili robo ya tofauti hiyo. Kwa hiyo anayesema "nilitupa ili nilinde nafasi ya pili" hakulinda kitu. Nafasi ya pili haiondoki.

"Mkono uliokutoa ndio uliokushinda."

Mara nyingi ni uongo. Mfano wake bora ni fainali ya mwaka 2003, tena Binion's.

Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia mchezo wa mtandaoni wa dola 86, alibaki na Sam Farha baada ya wachezaji 839 kuanza. Mkono wa mwisho kabisa Farha alikuwa na jeki na 10, Moneymaker 5 na 4. Zikafunguka jeki, 5 na 4. Jozi ya jeki dhidi ya jozi mbili, jetoni zote katikati, Moneymaker akabeba dola milioni 2.5. Ukiupitia mkono huo huna mengi ya kumwambia Farha. Watu wakiwa wawili, jozi kubwa kuliko zote za mezani haiachwi kirahisi.

Lakini kabla yake kulikuwa na mkono mwingine. Mezani 9, 2, 6, 8 na 3, tatu kati yake shupaza. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na 9: jozi kubwa ya meza. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na 7. Alikuwa amesubiri shupaza ya tano au namba ya kukamilisha mfuatano, na vyote vikamkosa. Hakuwa na hata jozi. Farha akapita, Moneymaker akasukuma zote. Farha akafikiri kwa muda, akatupa.

Farha hakutoka kwa mkono huo, wala hakuonyeshwa karata za mwenzake pale mezani. Wengi wetu tungeusahau kesho yake. Na ndio uliostahili kupitiwa. Shupaza nne alikuwa anaziona, tatu za meza na malkia wake. Zilizobaki ni tisa, ambazo zinatoa njia 36 tu kati ya 990 za mwenzake kushika shupaza mbili. Kumiliki shupaza moja kubwa kunapunguza mikono mikali ya mwenzako, na hilo lilikuwa machoni pake kabla hajaamua. Sisemi alipaswa kuita; dhidi ya mtu asiyemjua vizuri, kwa dau la kila kitu, kutupa jozi moja si ajabu. Nasema kutupa nako ni uamuzi wenye bei, na bei hiyo haitangazwi. Kwenye daftari la anayejifunza, mikono aliyoitupa ingestahili kurasa nyingi kuliko ile aliyoondokea.

Watazamaji wa televisheni walikuwa wakiziona karata zote, kwa sababu ya kamera zilizowekwa kwenye meza, na wakamwona Farha amedanganywa waziwazi. Hapo pana mtego kwa kila anayejifunzia kwenye skrini. Ukizoea kuziona nne, unasahau jinsi mbili zinavyoonekana.

"Nimepoteza na ree mara tatu, safari hii ni zamu yangu."

Uongo. Karata hazina kumbukumbu. Zikishachanganywa, hazijui nani alilia jana.

"Kompyuta imeshaumaliza mchezo huu."

Nusu. Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Alberta lilitangaza kwamba poka ya watu wawili ambayo dau lake lina kikomo imetatuliwa kwa vitendo: mtu angecheza nayo maisha yake yote bila kuweza kuthibitisha kwamba ameizidi. Poka ya dau lisilo na kikomo ni bahari kubwa zaidi. Januari 2017, mjini Pittsburgh, programu ya Libratus iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza na wataalamu wanne, ana kwa ana, mikono 120,000 kwa siku 20, na kuwashinda wote. Hata hivyo jetoni zilirudishwa sawa kila mkono. Hayakuwa mashindano ambayo dau la lazima hupanda na mmoja anapungukiwa.

Mambo mawili katika pambano lile yanatuhusu sisi wenye meza ndogo kuliko ushindi wenyewe. La kwanza: ili kupunguza bahati, waandaaji waliwapanga wataalamu wawili wawili, na karata alizopewa mmoja dhidi ya mashine, mashine ilipewa dhidi ya mwenzake. Mikono 120,000, na bado hawakuiamini bila kioo hicho. Halafu mtu wa meza yetu anataka kujijua kama ni hodari kwa mkono mmoja wa Jumamosi.

La pili linanigusa zaidi. Kila usiku, wataalamu wakienda kulala, Libratus iliendelea kufanya hesabu. Iliangalia ukubwa wa madau ambayo wapinzani wake walikuwa wakiyatumia sana na ambayo mpango wake haukuwa umeyaandaa vizuri, kisha ikaziba mapengo hayo. Haikuuliza ilipoteza wapi; iliuliza ilikuwa haijajiandaa wapi. Unaweza kupoteza fungu kubwa mahali ulipojiandaa vizuri, na unaweza kushinda fungu kubwa mahali ambapo hukuwa na wazo lolote la kufanya. Lile la pili ndilo la kuamkia kesho.

"Anayejua kupitia mikono atashinda popote penye mchezo wa bahati."

Uongo wa hatari, na vijana wa wilaya yetu ya Rubavu naomba wausikie. Ukipitia mkono wa poka kuna mtu upande wa pili anayeweza kukosea. Mashine ya kubahatisha haikosei. Imepangwa mwenye nyumba abakiwe na sehemu yake, na hakuna uchunguzi wa usiku utakaobadili hilo. Hata poka yenyewe ikichezwa kwa fedha kwenye nyumba ya kamari, nyumba hukata chake, kwa hiyo kumzidi jirani kidogo hakutoshi. Biashara hii Rwanda imewekewa sheria tangu Sheria namba 58/2011 ya tarehe 31 Desemba 2011, na haiendeshwi bila kibali. Sisi tunacheza kwa jetoni tupu kwa sababu tunataka kufikiri, na ada ya nyumba haimsaidii mtu kufikiri.

"Mkono upitiwe usiku ule ule, damu ikiwa bado moto."

Kweli kwa kuandika, uongo kwa kuhukumu.

Kumbukumbu ya mkono uliopotea huoza haraka. Wenzetu wanaotoka Goma, upande wa Kongo, wanalazimika kuwahi mpaka kabla haujafungwa, na mkono walioubeba kichwani mpaka nyumbani huwa si ule tuliouona: dau limekuwa kubwa zaidi, mpinzani amefikiri muda mrefu zaidi, ree ya mwisho imekuwa katili zaidi. Kwa hiyo viandikwe pale pale, hata kwenye simu: dau la lazima lilikuwa ngapi, kila mmoja alikuwa na jetoni ngapi, nani mgawaji, nani aliweka nini katika kila hatua na kwa mpangilio gani. Bila idadi ya jetoni hakuna mkono wa kupitia. Ree na 7 ukiwa na madau makubwa 12 ni jambo moja. Ukiwa na 80 ni jambo jingine kabisa.

Kisha liongezwe lile ambalo karibu kila mtu huliacha: ulidhani mwenzako ana nini, na kwa nini, kabla hajafungua. Liandikwe kama ulivyolifikiri, hata kama lilikuwa "sikufikiria". Hukumu isubiri kesho, mtu akishalala. Na akikaa na yule aliyemfunga, amwulize kwanza yeye alikuwa anaogopa karata zipi, maana huyo ndiye pekee aliyeuona mkono ule kutoka upande wa pili bila kuziona karata zake.